Sikio moja limesimama, jingine limelala

Mbwa wetu anaitwa Mtasema. Jina si langu, ni la mama mkwe, na lilinikosesha amani na majirani kwa muda wa kama miezi mitatu. Anayejua mambo ya uswahilini ananielewa: mbwa hapewi jina la bure. Kuna Sijali, kuna Wivu, kuna Tabu, kuna Mtajiju, na kila jina ni barua iliyoandikiwa mtu wa upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe alikuja kutoka Ifakara kutibiwa macho, akakuta mtoto wa mbwa hana jina, akampa. Yeye alikuwa na watu wake wa kuwapelekea ujumbe huko huko Ifakara. Lakini aliyesimama uani saa mbili usiku akipaza sauti "Mtasema! Mtasema!" ni mimi, mwalimu mzima, hapa Kihonda, Morogoro, na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekwaruzana na jirani wa kushoto kuhusu maji ya kufulia yanayotiririkia kwake. Nilikwenda kujieleza. Nadhani nilifanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Watoto walilikata jina likawa Sema, na hilo nalo lina vituko vyake. Ukiita "Sema!" pale getini, hakosi kijana anayepita akaitika "Poa!"

Tulimchukua Julai 2015, wiki mbili baada ya kuibiwa mtungi wa gesi. Mwizi aliingia jikoni, akaipua sufuria ya maharage, akaiweka sakafuni na kuifunika, kisha akaondoka na mtungi na jiko lake. Ule ustaarabu ulimuudhi baba watoto kuliko wizi wenyewe. Akasema sasa anataka mbwa, tena si hawa wa kienyeji wanaolala katikati ya barabara mpaka wapigiwe honi. Anataka Jemani, wale mbwa wa Kijerumani wanaotumiwa na polisi.

Kijana akaja na bodaboda, tenga nyuma, na ndani ya tenga watoto watatu wa mbwa wamelaliana. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya dume kubwa, mgongo mweusi, masikio yamesimama kama pembe za swala. "Baba yao huyu, mama. Jemani pyua." Picha ya mama yao hatukuoneshwa, nasi hatukuuliza. Tulilipa shilingi 120,000, na ninajua kabisa kwamba wa kienyeji ningepewa bure na kushukuriwa juu.

Leo mtu akiniomba ushauri wa kununua mbwa, namwambia baba aachane naye, aombe kumuona mama. Baba kazi yake ilikwisha siku moja. Mama ndiye aliyekaa nao wiki nane. Kama ni mwoga wa watu, wanajifunza uoga kwake. Kama ana ukurutu, wanao. Kama ana minyoo, aliwapa tangu wakiwa tumboni na akaendelea kuwapa kwenye maziwa. Wetu alifika na kitumbo cha duara, kimebana kama ngoma, nikafurahi kwamba kijana aliwalisha vizuri. Daktari wa mifugo alikibonyeza kidogo kwa vidole viwili akacheka. Akatupa dawa ya minyoo, nusu kidonge. Kesho yake asubuhi mwanangu wa kati alikuja mbio kutoka uani akisema mbwa ametapika tambi. Nikaenda kutazama. Zilikuwa bado zinajisokota.

Mmoja wa wale watatu alichukuliwa na mzee wa mtaa wa pili. Hakumaliza mwezi. Alianza kutapika Jumatatu, Jumanne akaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaisikia huisahau, Alhamisi akazikwa. Ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Wetu alikuwa ameshapigwa sindano ya kwanza ya chanjo ya mchanganyiko, akarudiwa kila baada ya wiki tatu nne mpaka alipofikisha miezi minne, na sindano ya kichaa cha mbwa akapigwa akiwa na miezi mitatu. Yule mzee alitaka kununua mwingine wiki iliyofuata, daktari akamkataza: virusi vile hukaa kwenye udongo miezi na miezi, na maji matupu hayaviondoi. Sakafu inaweza kupigwa jiki. Uwanja wa mchanga utaupiga jiki mpaka lini?

Basi tukawa na Jemani wetu, tukangoja masikio.

La kulia lilisimama akiwa na miezi minne. La kushoto likalala. Baba watoto akampigia simu kijana wa bodaboda, akajibiwa asiwe na haraka, litasimama akimaliza kubadili meno. Meno yakaisha kubadilika. Baba watoto akasoma mahali kwamba sikio hubandikwa plasta likanyooka, akalibandika. Sema akaibandua kwa kujisugua kwenye mwembe, akaila. Ikabandikwa tena, ikaliwa tena. Fundi baiskeli wa pale kona alikuwa akitazama mchezo huu kila jioni bila kusema neno. Siku moja akashindwa kujizuia: "Mwalimu, hilo sikio ni la mama yake. Liacheni."

Sentensi hiyo ingetuokoa mambo mengi kama tungeielewa siku ile. Tulikuwa tumenunua mbwa, lakini tulichokuwa tunakilea ni ile picha ya kwenye simu. Kila alipofanya kitu ambacho "Jemani hafanyi," tuliona ni kasoro ya kurekebishwa. Jemani hapandi ukuta, Sema alipanda. Jemani haibi mayai. Sema alijua kuku yupi ametaga kabla mimi sijasikia mlio wake. Kilo zake hazikuvuka 22, na jike la Jemani akiwa na kilo hizo ndiyo kwanza anaanza. Miguu myembamba, mkia umepinda juu kama mundu, mwili manyoya mafupi ya kienyeji, halafu ghafla mapajani na mkiani manyoya marefu kama amevaa kaptula ya mtu mwingine.

Watu wanadhani uchotara ni kama chai ya maziwa, ukichanganya unapata rangi ya katikati. Si hivyo. Ni kama mirathi ya nyumba yenye ugomvi: huyu kachukua kitanda, yule kachukua godoro, na hakuna anayelala vizuri. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane hata kidogo. Nilikuja kuliona hilo kwa macho yangu Sema mwenyewe alipozaa. Alipata joto akiwa na miezi tisa, madume yakajipanga getini kama watu wanaosubiri mafuta ya taa zamani zile, tukamfungia, akapanda ukuta ambao Jemani hapandi. Siku 63 baadaye tulikuwa na watoto watano: mmoja mweusi tii, wawili wa kahawia kama udongo wa Mikese, wawili wa mabaka meupe na meusi. Baba watoto aliwapanga kwenye gunia akawatazama muda mrefu. Akasema, "Hawa wa mabaka wanafanana na yule wa buchani." Na hawa wa kahawia je? Daktari akatueleza kwamba jike la mbwa anaweza kubeba mimba ya madume zaidi ya moja kwa mkupuo mmoja, kila mtoto na baba yake. Sikuwa na la kuongeza. Tukatafuta watu wa kuwachukua, kazi ngumu kuliko kutafutia mabinti wachumba, na baada ya kuwaachisha kunyonya tukampeleka Sema kufungwa kizazi. Ningelijua ningempeleka mapema.

Wa kienyeji nao tunawadharau bila sababu. Hawa mbwa wembamba wenye rangi ya vumbi ni ukoo wa zamani sana, uliochujwa na jua, njaa na maradhi mpaka ukabaki wenye akili ya kuishi. Jamii ya Basenji, ambayo Wazungu wanaifuga kwa fahari na kuiandikia vyeti, ilitoka kwa mbwa kama hawa kwenye misitu ya Kongo. Mbwa wa Jemani kwa upande wake ni mtoto wa juzi: alianza kuandikishwa kama jamii mwaka 1899, na mtu aliyesimamia jambo hilo, Max von Stephanitz, hakuwa anatafuta mbwa wa polisi. Alitaka mbwa wa kuchunga kondoo.

Kondoo sikuwa nao. Nilikuwa na watoto watatu, na mtaa mzima wa watoto.

Ilikuwa Februari 2017, jioni, watoto wanacheza kombolela kwenye kiwanja kitupu mbele ya nyumba. Sema alikuwa na mazoea ya kuwazunguka kwa mbali, kichwa chini, bila kubweka, na sisi tukisema jamani mbwa anapenda watoto huyu. Alikuwa anachunga. Ng'ombe au kondoo akitoka kundini, baadhi ya mbwa wa kuchunga humfuata nyuma na kumbana kisigino kwa meno, wanamwachia, wanarudi. Mjukuu wa Shehe alichomoka kutoka nyuma ya tofali akakimbilia nguzo. Sema akamfuata, akambana kisigino. Kidogo tu, tone la damu kama la kuchomwa na mwiba, lakini ni damu.

Nilimbeba mtoto mpaka bombani nikachukua sabuni ya mche. Nilikuwa nimefundishwa na yule daktari: maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Jaribu kuosha kisigino cha mtoto wa miaka sita anayelia dakika kumi na tano ukaone zilivyo ndefu. Mama mmoja akaleta mafuta ya taa. Mwingine akasema kuna mtu ana jiwe la nyoka. Shehe akafika akiwa bado na tasbihi mkononi, watu wakampisha, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye tope.

"Mwalimu," akasema, "kanzu imeguswa?"

Nikatazama. Mtoto alikuwa ametoka madrasa, na pindo la kanzu lilikuwa na mate ya mbwa na vumbi.

"Imeguswa, Shehe."

"Basi." Akageukia watu. "Kanzu itaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni juu yetu. Kidonda ni sabuni na hospitali, hayo mafuta ya taa rudisheni kwenye taa." Kisha akachuchumaa, akamshika mjukuu wake bega, akanitazama mimi. "Umefika dakika ngapi?"

Tisa, nikasema. Akakaa pale zikatimia.

Hospitali waliniuliza kadi ya chanjo ya Sema. Nilikuwa nayo, alikuwa amechanjwa Septemba iliyopita, ile wiki ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Watoto walijipanga uwanja wa shule na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, vitambaa vya kanga, mmoja kwa tai ya baba yake. Pamoja na kadi, mtoto alianzishiwa sindano, na mimi nikaambiwa nimfunge Sema, nimtazame siku kumi. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku ya kung'ata hamalizi siku kumi bila kuugua. Kichaa kikishaanza kuonesha dalili kwa binadamu hakuna dawa ya kukirudisha, kwa hiyo hakuna anayebahatisha. Nauli na gharama nililipa mimi. Siku kumi zile nilikuwa nikiamka usiku na tochi kumwangalia kama anakunywa maji. Anakunywa. Ananitazama, anapiga mkia chini mara mbili, analala.

Baba watoto alitaka auawe. Nilimwelewa. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetaka Jemani, na siku ile ndipo tulipompata: mbwa ambaye kimo, sikio na manyoya alichukua kwa mama yake, kazi akaichukua kwa baba. Mbwa mwenye kazi kichwani akikosa kazi anajitafutia. Tukampa. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla sijaenda shule, nusu saa ya kutembea mpaka njia panda na kurudi. Jioni mpira wa matambara, urushwe, aulete, urushwe. Watoto wakianza kukimbia anaingia ndani ya uzio, si kwa fimbo bali kwa kuitwa, na akija anapata kichwa cha dagaa. "Kaa." "Baki." "Acha." Hayo matatu yalichukua wiki sita hivi. Tuko mji ambao pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini kwa malipo ya ndizi. Mbwa kufundishwa kukaa chini kwa dagaa kusingenishinda. Hajambana mtu kisigino tena. Baiskeli anazitamani mpaka leo, namuona zinavyompita moyoni.

Wakati wa pilika hizo kuna mlinzi wa jirani alinipa ushauri wa kumfanya Sema awe mkali hasa: pilipili kwenye ugali asubuhi, na nikimpata nyigu niwachanganye humo humo, afungiwe kibandani mchana kutwa asione watu, afunguliwe usiku tu. Pilipili alikuwa ameshaanza kumpa kwa siri, kupitia tundu la ukuta, kwa nia njema. Nilijua kwa kufagia uani. Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mkali, inamuunguza tumbo. Na mbwa asiyeona watu mchana, usiku hawezi kupambanua mwizi na shangazi.

Ila kosa kubwa kuliko yote nililifanya mimi, wala si mlinzi. Niliamini kile kila mtu anachosema, kwamba chotara haumwi: damu ya kienyeji ni kinga, kidonda kinapona chenyewe, kupe hawamfanyi kitu. Kuna chembe ya ukweli humo, maana baadhi ya maradhi ya kurithi yanayowasumbua mbwa wa jamii moja hupungua damu ikichanganyika. Lakini kupe hasomi ukoo.

Masika ya 2018 Sema alianza kulala chini ya mwembe mchana kutwa. Nikasema joto. Akaacha ugali, akala dagaa tu. Nikasema anadeka. Siku ya tatu nikakuta tone la damu sakafuni barazani, na jingine puani mwake. Nikasema kapigana na paka. Mwalimu wa sayansi mimi, nina majibu ya kila kitu. Jioni mwanangu mkubwa akamfunua mdomo kumtazama meno, akaniita. Ufizi wa mbwa mzima ni wa waridi, kama ndani ya mdomo wako. Wake ulikuwa umepauka kama muhogo uliomenywa.

Kosa juu ya kosa, niliona kupe wawili shingoni, nikachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwa jirani, nikaikoroga kwa makadirio ya macho, nikampaka mwili mzima. Ndani ya saa moja alikuwa amelegea, mate yanamtoka, anayumba. Nilimsafisha kwa maji na sabuni huku nalia, baba watoto akatafuta bajaji.

Joto lake lilikuwa nyuzi 40.3. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Mezani, chini ya taa, daktari aliliinua lile sikio la kushoto, lile lililolala, tulilolibandika plasta, tulilolisamehe, akalifunua kama mtu anavyofunua pazia. Ndani, kwenye ukunjo, kupe walikuwa wamepangana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Wengine walikuwa kati ya vidole vya miguu. Miaka mitatu nimemchana mgongo na shingo, sijawahi kupanua vidole vyake hata siku moja. Kipimo cha damu kikaonesha erlikia, homa ya kupe, inayopunguza chembe za kugandisha damu. Ndiyo maana ya pua kuvuja.

Dawa ilikuwa ni ya siku 28. "Siku ya nne atakula na kukimbia," daktari akaniambia, "na wewe utataka kuacha. Usiache." Kupata kipimo cha dawa ilibidi apimwe uzito, na mizani ya mbwa ilikuwa mbovu, basi nikampakata nikapanda kwenye mizani ya watu, kisha nikapanda peke yangu. Uzito wangu peke yangu hauhusu simulizi hii. Tofauti ilikuwa kilo 18. Siku ya nne alikula na kukimbia. Siku ya kumi na moja nilisahau kidonge, nikakumbuka saa sita usiku, nikaamka kukichomeka kwenye kipande cha ini. Tulifika 28.

Na kazi haikuisha kwa mbwa. Yule kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia ambayo wengi hatuijui: anaishi ndani ya nyumba kama mpangaji. Jike akishashiba anadondoka, anapanda ukutani, anataga mayai elfu kadhaa kwenye ufa. Tuliziba nyufa za banda kwa saruji, tukachoma gunia alilolalia, tukafyeka nyasi za ukutani. Tangu hapo kila jioni, nikiwa nasikiliza taarifa ya habari, mkono wangu uko kwenye lile sikio. Nalifunua, napitisha kidole gumba kwenye ukunjo. Kisha vidole vya miguu, mmoja mmoja. Yeye analala chali na kukoroma.

Kuhusu chakula nitasema machache kwa sababu kila nyumba na jungu lake. Wetu anakula dona na dagaa waliochambuliwa mchanga, siku nyingine utumbo, lakini uliochemka; mbwa anayelishwa matumbo mabichi ya machinjioni huokota minyoo ya tegu ambayo kwa binadamu huota uvimbe wa maji kwenye ini, na watu wa Turkana kule Kenya wanaijua habari hiyo kwa uchungu. Mchuzi wa jana hapewi, una vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano, hapana. Na mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayosema "haya ya mbwa," nimeacha tangu 2016, mwaka ambao sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Ini la mbwa haliivumilii sumu hiyo hata kidogo. Kama mahindi hayakufai wewe, kwake ndiyo hayamfai zaidi.

Sasa ana miaka tisa na ushee. Mdomo umeota mvi. Kuna asubuhi anainuka kwa awamu, miguu ya mbele kwanza, anangoja, halafu ya nyuma, kama mzee anayetoka kwenye mkeka. Nyonga, anasema daktari, na hizo huenda ni za baba. Nilitaka kumpa kidonge changu cha magoti, nikakumbuka ile dawa ya ng'ombe, nikapiga simu kwanza. Ilikuwa diklofenaki. Ingeweza kumtoboa tumbo. Amepewa dawa yake, na matembezi yamepunguzwa yakawa mafupi ya jioni, juani hapelekwi.

Matembezi yenyewe siyafanyi tena mimi, magoti hayo hayo. Anayemtembeza ni yule mjukuu wa Shehe. Ana miaka kumi na tatu, sauti imeanza kuvunjika, kisigino chake hakina hata alama. Anakuja baada ya alasiri, anasimama getini, anaita, "Sema, twende," naye anainuka kwa awamu zake mbili, sikio moja limesimama, jingine limelala. Nawatazama mpaka wanapofika dirishani kwa Shehe, na kila siku, bila kukosa, inatoka sauti ndani:

"Kanzu!"

Mtoto anaikunja kanzu mpaka magotini, wanaendelea.